Shangazi, kila shule zikifunguliwa mimi ni wa kukopa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu na wote wanasoma. Wa kwanza yuko sekondari, wadogo zake wawili wako shule ya msingi. Mume wangu ana kazi ya mshahara, na mimi nina kibiashara ambacho siku nyingine kinalipa, siku nyingine narudi nyumbani mikono mitupu. Hatulali njaa, namshukuru Mungu. Lakini kila shule zinapokaribia kufunguliwa naumwa kichwa, usingizi unaniruka, na mwisho wake ni mmoja: nakopa.

Muhula uliopita nilikopa kwa mtu anayekopesha kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Nilijiambia mwezi ukiisha nalipa nimalizane naye. Mwezi ukaisha na kodi ya nyumba, ukaja mwingine na ugonjwa wa mtoto, nikakaa miezi minne sijapunguza hata kidogo, na riba inaongezwa juu ya deni. Sasa ndiyo nimeanza kulipa kila wiki, na nikipiga hesabu nitamaliza wakati shule zinafunguliwa tena. Zimebaki wiki saba.

Siku ya kununua nilitoka jioni, kesho yake ndiyo shule, na watoto wote watatu nyuma yangu. Duka limefurika, watu wanasukumana, kila mtoto anashika anachokitaka. Nilinunua madaftari dazeni tatu, mikebe ya hesabu mitatu, mabegi matatu, sare mpya kwa wote, soksi jozi tisa, kalamu, rangi na chupa za maji. Viatu nilichukua namba mbili zaidi ili vidumu. Leo cha mwanangu wa mwisho kimeachia soli mbele, na hata mguu haujakijaa.

Kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Wiki iliyopita nilikuwa nageuza godoro la watoto nikakuta chini yake madaftari saba. Mengine yameandikwa kurasa nne tu. Kwenye droo nikakuta mikebe miwili ya mwaka jana, mizima kabisa, imekosa bikari tu. Nilikaa kitandani nikalia. Binti yangu wa katikati, ana miaka 10, akaingia akaniona. Akaniambia, "Mama, muhula ujao mimi usininunulie kitu. Nitatumia vya kaka." Maneno yale hayajanitoka mpaka leo.

Mume wangu anasema mimi ni mbadhirifu. Labda ni kweli. Ila hata pesa ya matumizi ya nyumbani ikifika tarehe 20 imeshakatika na siwezi kusema imekwenda wapi. Mafuta, sabuni, sukari, vyote nanunua kwa vipimo vidogo vya siku ile ile. Nifanye nini, Shangazi? Nimechoka kuogopa siku ambayo watoto wangu wanaifurahia.

Mama wa Watatu

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Nianze na binti yako, maana hesabu zinaweza kusubiri lakini yeye hapana. Mtoto wa miaka 10 akisema "usininunulie kitu" ameshajitwika mzigo ambao si wa umri wake. Anaamini yeye ndiye gharama. Mkalishe leo, mwambie kwa maneno ya wazi kwamba machozi yale hayakutokana na yeye kusoma, kwamba kulikuwa na jambo la pesa ambalo wewe na baba yake mnalipanga upya, na kwamba atapata anachohitaji. Kisha mpe kazi, kwa sababu mtoto wa namna hiyo hatulii kwa kuambiwa tu. Mwambie yeye ndiye mtunza orodha wa nyumba: aandike kila kifaa cha shule kilichomo ndani, kipo wapi, ni kizima au kibovu. Nakuhakikishia ataifanya kazi hiyo vizuri kuliko sisi watu wazima.

Sasa tulitazame deni. Ulikopa kwa asilimia 10 kwa mwezi na ukakaa miezi minne bila kulipa, riba ikizaa riba. Kila 100 uliyochukua ikawa 146. Maana yake, karibu theluthi moja ya pesa unayorudisha leo haikununua hata penseli. Deni kama hilo likiachwa mwaka mzima, 100 inakuwa 314. Nakuonyesha hivi ili uone mahali ambapo pesa yako ilipotelea hasa. Umenitajia soksi jozi tisa na chupa za maji kana kwamba ndizo zilizokuangusha, na mimi nakwambia pengo kubwa liko kwenye mkopo. Hata kama ungenunua vitu vile vile, kwa fujo ile ile, lakini kwa pesa iliyokwisha kuwekwa, leo ungekuwa na nafuu kubwa.

Na hapo ndipo palipo na jambo ninalotaka ulielewe kuliko mengine yote ya barua hii. Ugonjwa wa mtoto haupigi hodi. Kufunguliwa kwa shule kuna tarehe, na tarehe hiyo unaijua miezi kabla. Ila kwenye mfuko wako vyote viwili vinakuja kwa mlango mmoja, kama ajali. Ndiyo maana nakuomba uandike gharama zote za shule za mwaka mzima, mihula yote, watoto wote watatu: karo na michango kama ipo, sare, viatu, madaftari, nauli. Jumlisha. Gawa kwa 52. Jumla ikiwa 5,200, ni 100 kwa wiki. Ikiwa mara kumi ya hiyo, ni 1,000. Namba utakayoipata ndiyo bei halisi ya shule, na ni namba ambayo mtu anaweza kuitazama bila kutetemeka.

Najua utasema, Shangazi, hiyo ya kila wiki nitaitoa wapi wakati nadaiwa? Jibu umeliandika mwenyewe bila kujua. Umesema kila wiki sasa hivi unalipa deni. Kwa hiyo pesa hiyo ipo, inatoka, na nyumba bado inaishi. Dawa ya deni ni kulipa, basi maliza kulipa. Siku ukimaliza, wiki inayofuata toa kiasi kile kile, siku ile ile, ila safari hii weka kwenye akaunti au kopo lenye jina la shule. Usiruhusu hata wiki moja ipite katikati, maana ukipumzika wiki mbili pesa ile inajitafutia matumizi mengine na hutaiona tena. Kama uko kwenye upatu, omba zamu yako iangukie mwezi mmoja kabla ya shule kufunguliwa. Watu wengi huwa hawana ugomvi na zamu, wanachotaka ni kupokea tu.

Tatizo ni hizi wiki saba, ambazo deni bado lipo na akiba haijaanza. Hapa hatuna ujanja mwingine isipokuwa kupunguza orodha mpaka iingie kwenye pesa iliyopo. Tuipitie.

Madaftari dazeni tatu ni madaftari 36 kwa siku moja. Hakuna mtoto anayeanza muhula kwa madaftari yote siku ya kwanza. Chukua yale saba ya chini ya godoro. La kurasa 96 lililoandikwa kurasa nne lina kurasa 92 za kuandika. Ng'oa zile nne kwa uangalifu: fungua daftari katikati, legeza pini, toa karatasi nzima, hata kama utabaki na kurasa 88, maana ukichana upande mmoja tu, ukurasa mwenzake wa upande wa pili utaachia baada ya siku mbili. Funika jalada kwa karatasi safi, andika jina na somo, na hilo ni daftari jipya. Yaliyotumika nusu yawe ya kufanyia mazoezi na hesabu za rafu nyumbani. Baada ya hapo muulize mwalimu wa kila darasa ni madaftari gani yanahitajika wiki ya kwanza, ununue hayo tu, na mengine yaje kadiri masomo yanavyoanza. Wiki ya pili na ya tatu baada ya kufungua, maduka yametulia, unaweza kuchagua na kuuliza bei bila kusukumwa. Dazeni mnunue pamoja na jirani mwenye watoto, mgawane. Bei ya jumla mnaipata, na nyumbani mwako halibaki rundo la ziada.

Mikebe usinunue hata mmoja. Nunua bikari mbili zinazouzwa peke yake. Mkebe ni rula, kipimapembe na viguni vyake, na vyote unavyo. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Mabegi yalinunuliwa muhula uliopita, kwa hiyo muhula huu hayanunuliwi, hata kama zipu imegoma. Mara nyingi zipu yenyewe haijafa, kilichochoka ni kile kichwa kinachoteleza: kimetanuka, meno hayakutani tena. Fundi anakibana kidogo kwa koleo au anakibadilisha kwa muda mfupi. Kinachoua begi kweli ni mkanda kung'oka pale ulipounganishwa juu. Pashonee sasa hivi, kabla hapajachanika, mshono wa kukatisha kama alama ya kuzidisha ndani ya kisanduku. Siku utakayonunua begi jingine, hapo ndipo pa kutazama kwanza. Picha iliyochorwa mbele haibebi vitabu.

Nije kwenye viatu, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa lako ni la akina mama wengi na linafanywa kwa upendo. Namba mbili zaidi haziokoi pesa. Kiatu kimetengenezwa kikunjike pale mguu unapokunjika, kwenye mzizi wa vidole. Mguu ukiwa mdogo ndani yake, mkunjo unaangukia mahali pasipo pake, kisigino kinapanda na kushuka, na mtoto anaburuza ncha ya mbele ili kiatu kisimtoke. Ndiyo maana cha mwanao kimeachia soli mbele kabla mguu haujakijaa. Nafasi inayotosha kukua ni upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, basi.

Fanya hivi. Jioni, wakati miguu imeshavimba kidogo kwa mizunguko ya siku, msimamishe mtoto juu ya kadibodi, uzito kwenye miguu yote miwili. Weka alama nyuma ya kisigino na mbele ya kidole kirefu. Pima miguu yote miwili, kwa kuwa mara nyingi mmoja umezidi, na ufuate ule mkubwa. Ongeza upana wa kidole gumba, kisha kata ukanda wa kadibodi wa urefu huo. Nenda nao dukani ukiwa peke yako, watoto wabaki nyumbani. Uingize ndani ya kiatu: ukikunjika, kiatu ni kidogo, ukicheza mbele na nyuma, ni kikubwa. Namba iliyoandikwa chini usiitegemee sana, kila mtengenezaji ana namba zake. Tazama pia kama soli imeshonwa au imegandishwa kwa gundi tu. Kilichoshonwa huwa ghali zaidi kidogo, lakini kikianza kuachia fundi anakirudisha, na cha gundi ya hovyo kikipata maji mara mbili tatu kinafungua mdomo.

Vikilowa, usiviweke juani wala karibu na moto. Ngozi ikikaushwa kwa joto inakakamaa na kupasuka. Jaza karatasi kavu ndani, weka kivulini penye upepo, badilisha karatasi asubuhi. Kile cha mwanao wa mwisho mpelekee fundi leo, kishonwe kuzunguka.

Kwenye sare sheria inageuka. Kile ulichokosea kwenye viatu, kwenye sare ni sahihi: chukua kubwa, ila ndefu kuliko pana. Geuza nguo ndani nje kabla hujaulizia bei. Pindo la sketi au suruali liwe na kitambaa cha kutosha kushushwa mara mbili, angalau upana wa vidole vinne. Mshono wa katikati ya miguu uwe umerudiwa. Kitambaa kilichochanganywa pamba na poliesta hudumu na hukauka haraka, na hiyo ina maana kwa nyumba yenye shati moja au mawili kwa mtoto, kwa sababu unaweza kulifua jioni likavaliwa asubuhi. Pamba tupu ina raha yake mwilini, sikatai, hasa kwenye joto, lakini haivumilii kufuliwa kila siku vile vile.

Halafu fanya liwe jambo la lazima: mtoto akitoka shule, kabla ya kula, sare inavuliwa na kutundikwa. Madoa mengi na matundu ya magoti hayatoki shuleni, yanatoka kwenye michezo ya jioni. Mashati meupe usiyaloweke kwenye klorini kila wiki ukidhani unayang'arisha. Klorini inakula nyuzi za pamba taratibu, na shati linakuja kuchanika mgongoni siku hujategemea. Sabuni na kusugua kola kwa mkono kabla ya kuloweka vinatosha. Na soksi nunua za rangi na aina moja kwa wote wanaokaribiana miguu. Moja ikipotea, iliyobaki inapata mwenzake.

Kama yule wa sekondari anahitaji vitabu vya kiada, tafuta vilivyotumika kwa waliomtangulia darasa. Angalia toleo kabla ya kulipa, kwa sababu toleo likibadilika kurasa na mazoezi vinahama, na mwalimu akisema "fungueni ukurasa wa 60" mtoto wako atabaki anatafuta. Vyake vya mwaka jana visikae kabatini kuliwa na vumbi, kuna mzazi anavitafuta leo.

Baada ya kukata hivi kuna kitu kitabaki, labda karo yenyewe au mchango. Usisubiri siku ya kufungua. Nenda shuleni wiki hii, ukiwa na barua fupi inayosema unaweza kulipa kiasi gani na tarehe zipi. Mzazi anayekuja mapema na tarehe mkononi anasikilizwa tofauti kabisa na yule anayeitwa baada ya mtoto kurudishwa nyumbani. Hata wakikupa mafungu mawili tu, ni bora kuliko asilimia 10 kwa mwezi.

Sasa tarehe 20. Unaniambia pesa ya nyumbani inakatika na hujui imekwenda wapi, na mumeo amekupa neno la kujiita. Neno hilo liweke pembeni kwanza. Mwaka 1857 mtakwimu Mjerumani, Ernst Engel, alichunguza matumizi ya familia za wafanyakazi wa Ubelgiji akaona kwamba kadiri kipato kinavyokuwa kidogo, ndivyo sehemu kubwa zaidi yake inavyokwenda kwenye chakula. Wachumi wameipima kauli hiyo nchi nyingi tangu wakati huo na inasimama. Kwa hiyo ukiona chakula kinameza sehemu kubwa ya pesa yako, usijione mlafi wala mvivu. Wala usibane hapo. Mtoto anayekaa darasani na njaa hajaokolewa pesa yoyote.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Huko Japani mwanamke mwandishi wa habari, Hani Motoko, alichapisha daftari la hesabu za nyumbani mwaka 1904, na mpaka leo familia nyingi za huko bado zinaandika kwa mtindo huo, kwa mkono. Wewe chukua moja ya yale madaftari ya godoro. Siku 30, kila pesa inayotoka iandike jioni ile ile kabla ya kulala, hata ile ya kumpa mtoto anunue pipi. Usijihukumu wala usibadilishe chochote wiki ya kwanza, andika tu. Mwisho wa mwezi chora mstari chini ya vile vilivyojirudia zaidi ya mara kumi. Huko ndiko inakovujia.

Nina dhana ya utakachokikuta, kwa sababu umekitaja: vipimo vidogo. Gawa bei kwa uzito uone mwenyewe. Andika bei ya kipimo kidogo cha sabuni mara idadi unayonunua kwa mwezi, uilinganishe na mfuko mkubwa. Mara nyingi tofauti inashangaza, na inauma, kwa sababu asiye na pesa ya mkupuo ndiye anayelipa zaidi kwa kitu kile kile. Huwezi kuhama kwa siku moja, hilo nalijua. Hama kitu kimoja kila mwezi. Mwezi huu sabuni, kwa sababu haiozi. Pesa uliyokuwa unatoa kila siku kwa sabuni iweke kando, mwezi ujao itakusaidia kununua mafuta kwa chombo kikubwa. Halafu mafuta yanunulie sukari. Ila kitu kikubwa kina hatari yake: mkono unamwaga zaidi ukiona kopo limejaa. Mimina kiasi cha wiki kwenye chombo kidogo cha jikoni, kikubwa kifungiwe.

Punguzo nalo lina hesabu zake. "Nunua mbili upate ya tatu bure" ni punguzo la theluthi moja, kama kweli tatu zote utazitumia. Kama ulihitaji moja, umelipia mbili. Na wakikwambia wanapunguza asilimia 20 kisha juu yake 10, hiyo si 30. Ni 28, kwa sababu ile 10 inakatwa kwenye kilichobaki. Ukienda na orodha iliyoandikwa na pesa taslimu ya orodha hiyo tu, mabango hayo yanakosa pa kukushikia.

Umeme na maji nitapita haraka. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka kwa muda wa saa tano kila usiku inakula uniti 9 kwa mwezi. Ya LED ya wati 9 inakupa mwanga unaokaribiana na huo kwa uniti moja na theluthi hivi. Anza na taa ya chumba wanachosomea watoto. Pasi inakula sana inapopasha moto, kwa hiyo nyoosha sare za wiki nzima siku moja, badala ya kuiwasha kila asubuhi kwa shati moja. Maharage na nafaka ngumu loweka usiku, na sufuria ifunikwe. Bomba linalodondosha liwekee kikombe chini kwa saa moja: ikipatikana robo lita, hiyo ni lita 180 kwa mwezi unazolipia bila kunywa. Na kama unatoa pesa kwenye simu au benki kidogo kidogo mara tano kwa wiki, angalia makato. Mara nyingi kutoa mara moja kwa wiki kunakuachia kitu.

Nimebakiza mumeo. Sijamsikia, kwa hiyo simhukumu, lakini neno "mbadhirifu" mara nyingi hutoka kwa mtu ambaye hajawahi kusimama dukani na orodha ya watoto watatu. Usimjibu kwa maneno. Mwekee mezani ile jumla ya mwaka na ile namba ya kila wiki, siku ambayo hakuna aliyechoka wala kukasirika, na umwambie: baba fulani, hii ndiyo gharama ya watoto wetu kwa wiki, wewe utatoa sehemu gani na mimi nitoe ipi? Mwambie pia deni lote lilivyo, na riba yake, usimfiche hata kidogo. Atakasirika pengine. Lakini deni analolijua mmoja linalipwa na mmoja. Kisha mwombe yeye ndiye aende kununua viatu muhula huu, na ule ukanda wa kadibodi mkononi.

Leo jioni watoto wakishaoga, tafuta boksi tupu na penseli. Binti yako ashike orodha aandike, nawe uanze na yule wa mwisho: miguu yote miwili, asimame wima, asijikunje vidole.

Shangazi